Doa Jekundu kwenye Ubao Mtupu

Shangazi Burgi akikasirika, ng'ombe ndio wa kwanza kujua. Hawapigi wala hawasukumi. Ananyamaza tu wakati wa kukamua, na wale ng'ombe waliozoea kutukanwa kwa mapenzi tangu wakiwa ndama wanageuza shingo kumtazama, kama wanaouliza kosa lao ni lipi. Mwaka huu wamegeuza shingo sana.

Jina lake kamili ni Notburga Pirstinger. Ni dada wa baba yangu, na anakaa shamba la mwisho kabisa juu ya kijiji chetu cha Oberzirm, pale ambapo lami inakata tamaa na kokoto zinaanza. Ana ng'ombe, ana mume anayeitwa Gotthard, ana bunduki aliyoachiwa na babu, na ana mdomo. Mdomo, husema, hakuachiwa na mtu, kautafuta mwenyewe.

Nimesimuliwa mara nyingi jinsi alivyoingia kwenye chama cha wawindaji. Babu alipokufa, wanachama walikuja msibani na kofia zao zenye manyoya ya mbuzi wa milimani, wakala, wakanywa, halafu Bwana Kohlhuber akamshika Gotthard bega. Kohlhuber ana kiwanda cha mbao, na ndiye pia msimamizi wa uwindaji wa bonde zima. Akamwambia, "Basi mteremko wa Rabenkar sasa ni wako, kijana." Gotthard ni mtu ambaye hata kuku hawezi kumchinja. Shangazi akaweka sufuria chini. "Anayechukua Rabenkar ni mimi. Mtihani wa uwindaji nilishafaulu baba akiwa hai. Haya, nani anaongezwa supu?"

Hakuna aliyebisha. Supu yake ni nzuri, na risasi yake, walikuja kugundua, ni nzuri zaidi.

Kwetu kulungu hauawi ovyo. Dume huangusha pembe zake kila baridi inapokwisha, na mpya zinaota kiangazi, na kadiri anavyokua ndivyo zinavyopanda matawi, mpaka juu zinafunga kama taji. Mwenye pembe nzuri anaachwa azeeke na azae. Kijana mwenye pembe duni, hasa yule anayeota vijiti viwili tu visivyo na tawi, anapigwa risasi mapema asije akaeneza damu yake. Wawindaji wanaita kazi hiyo palizi: unang'oa magugu, mahindi yanabaki. Kila mwisho wa baridi pembe zote za mwaka hutundikwa kwenye mbao katika ukumbi wa Hirzegger kijijini, kila moja na taya la chini la mnyama wake ili kamati isome umri kwenye meno. Uliyeua sawasawa unabandikwa doa la kijani. Uliyeua asiyestahili unabandikwa doa jekundu, na hilo utalisikia mpaka kwenye ubatizo wa watoto wa watu.

Shangazi alikuwa mkulima bora wa palizi hiyo. Kijani, kijani, kijani, kila mwaka. Nakumbuka nikiwa mdogo nilidhani doa la kijani ni sehemu ya jina lake. Na aliamini. Sitaki mtu adhani alikuwa muasi tangu zamani. Alikuwa akirudi Rabenkar na kijana wa vijiti mgongoni mwa gari, anasema, "Mmoja kapungua," kwa sauti ileile anayosema akishang'oa kichaka cha miba malishoni.

Halafu ikaja ile baridi.

Theluji ilianguka bila kuvuta pumzi. Poromoko likashuka likaifunga barabara ya juu, ikabaki imefungwa mpaka masika. Hori la kulishia kulungu liko Rabenkar, juu ya malisho ya shangazi, na kila baridi trekta la Kohlhuber hupanda huko na nyasi kavu na magunia ya mashudu ya ufuta. Ufuta wenyewe unatoka nchi za joto. Bondeni kwetu hakuna aliyewahi kuuona ukiota. Lakini kila mtu anajua kulungu akila mashudu, pembe zake hunenepa. Mwaka ule trekta halikupanda. Kulungu walikula magome ya miti, yakaisha, wakala walichopata. Masika shangazi alipanda na koleo, akarudi jioni. Alikuwa amezika ndama kutwa nzima.

Wale ndama waliopona ndio walioota pembe zao za kwanza kiangazi hicho. Tulikuwa tumekaa kwenye dungu, lile la ngazi ndefu, mimi nikiwa na darubini ya Gotthard. Wakatoka msituni vijana watatu wakifuatana kama wanafunzi waliochelewa. Miaka ya nyuma vijana wa umri wao walikuwa tayari na matawi. Hawa walikuwa na vijiti.

"Vijiti gani hivi," shangazi alinong'ona. "Njiti za kiberiti."

"Damu mbaya," nikasema, maana ndivyo tulivyofundishwa kusema.

"Mmh."

"Lakini shangazi, baba yao si yule mwenye taji? Si ndiye peke yake aliyekuwa akinguruma huku msimu ule wa kupandana?"

"Ndiye."

"Ambaye Bwana Kohlhuber alisema damu yake ni dhahabu?"

"Vroni, unataka kusema nini?"

"Sisemi, nauliza. Na mama zao je? Jike hana pembe. Tunajuaje damu yake nzuri au mbaya?"

Alishusha darubini yake akanitazama kana kwamba nimekojoa kwenye dungu. "Nani kakufundisha hayo?"

"Hakuna. Nimewaza tu."

"Basi waza kimya, unatisha wanyama."

Bunduki ilikuwa magotini mwake. Vijana wale walikula pale mbele yetu mpaka wakashiba wakaondoka, na bunduki ikabaki magotini. Jioni hiyo ng'ombe waligeuza shingo.

Mwisho wa kiangazi Kohlhuber aliitisha kikao. Kila mteremko ulikuwa umeripoti vijiti. Alisimama na mikono mgongoni, akasema damu mbaya imeingia bondeni, na bila shaka imeletwa na dume fulani kutoka ng'ambo ya mlima, upande wa Kärnten. Kwetu kila kibaya hutoka ng'ambo ya mlima: mafua, madereva, wakwe. Watu wakaitikia kwa vichwa.

"Wa vijiti wote watolewe," akasema. "Rabenkar watatu. Burgi, wewe ndiye bingwa wetu."

"Na majike?" shangazi akauliza. "Ni wengi mno. Miti yangu imebanduliwa magome mpaka inang'aa. Kama kuna cha kupunguza, tuanze na hao, wanaobaki wapate kushiba."

"Majike ukiwapata, piga."

"Kila mwaka mnasema hivyo, na kila mwaka hamwapati. Kwa sababu kichwa cha jike hakina cha kutundika."

"Shemeji leo kaamka na mguu gani?" alidakia Ferdl, dereva wa lori la magogo, rafiki wa Gotthard, mtu asiyeweza kuacha kimya kipite bila kukirushia jiwe. Ukumbi ukacheka. Shangazi hakucheka.

Vuli yote alipiga majike. Alianza na ndama dhaifu, kisha mama yake, kama inavyotakiwa, na kila mmoja alimwekea mdomoni kitawi cha msonobari, lile tonge la mwisho ambalo wengine humwekea dume tu. Nyama ilijaa mpaka kwetu, mpaka kwa mwalimu, mpaka kwa padri. Kule chini wakawa wanasema Burgi kafungua bucha. Na wale vijana watatu wa Rabenkar walikuwa wanapita mbele ya dungu lake kama mbele ya nyumba ya shangazi yao wenyewe.

Sasa maonyesho. Niliwahi mapema kusaidia kupanga viti. Ukumbi ulikuwa unanuka mchuzi wa kulungu na sufu mbichi, na kuta zilikuwa pembe tupu. Nikatafuta jina letu. Lilikuwepo, limeandikwa vizuri: *Rabenkar, N. Pirstinger.* Chini yake ubao, na kwenye ubao misumari mitupu. Na katikati ya ubao, mahali ambapo paji la uso wa kulungu lingekuwa, palikuwa na doa jekundu.

Nilidhani wamekosea. Nikamwambia mmoja wa kamati, "Mzee, hapa hakuna mnyama." Akasema, "Ndiyo maana." Unawezaje kumpa mtu doa jekundu la kuua asiyestahili, wakati hajamuua? Kwa ajili ya wanyama walio hai? Nikatamani kulibandua kwa kucha, lakini shangazi alikuwa tayari ameingia, na alikuwa amekwisha kuliona.

Alikaa. Akasubiri tarumbeta zipigwe. Gotthard ni mmoja wa wapigaji, shavu lake likivimba huku macho yanamkwepa mkewe. Akasubiri hotuba. Kohlhuber alipofika kwenye maneno "na kwa masikitiko, mteremko mmoja," shangazi alisimama.

"Usisikitike, Kohlhuber. Nitaje."

"Burgi, kaa, tutaongea pembeni."

"Doa hukulibandika pembeni."

"Haya." Kohlhuber alivuta kizibao chake. Si mjinga, sitaki kumwandika kama mjinga. "Wewe ni mfugaji. Ng'ombe wako unawapandisha na dume lolote linalopita barabarani? Si unachagua? Na maziwa si yameongezeka tangu enzi za baba yako? Basi kwa nini kulungu tusimchague?"

"Heee!" ukumbi ukaitikia. Lilikuwa swali zuri. Hata mimi nilimgeukia shangazi.

"Nachagua, ndiyo," shangazi alisema. "Namjua baba, namjua mama, namjua bibi. Wako zizini kwangu, hawaendi kokote bila mimi. Wewe majike wa Rabenkar unamjua yupi kwa damu? Hata mmoja! Nusu ya mtoto ni ya mama, na hiyo nusu hujawahi kuiona. Mtoto wa shule aliniuliza hilo, nikakosa jibu. Unatazama kichwa cha kijana wa mwaka mmoja unasoma ukoo mzima, kama mpiga ramli. Tena ngoja, sijamaliza! Ndama wangu nikimnyima chakula baridi nzima, akatoka mbavu nje, simwiti damu mbaya. Naona haya, halafu namlisha."

"Kwa hiyo shemeji, tuwaombe radhi?" akasema Ferdl.

"Wewe nyamaza, hata mkeo kakuchagua gizani."

Ukumbi uliangua kicheko, Ferdl mwenyewe akicheka kuliko wote. Lakini Kohlhuber alikuwa ameanza kuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Mimi na wenzangu tumepalilia bonde hili tangu tukiwa vijana," alisema. "Baba yako akiwemo. Tazama ukutani! Tazama mataji hayo! Ndiyo kazi yetu."

Shangazi alitazama ukuta, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Natazama," akasema. "Naona ufuta."

Akaunyooshea ukuta kidole.

"Palizi yenu imefanya kazi mpaka siku trekta liliposhindwa kupanda. Damu gani hiyo, inayokatika barabara ikikatika? Wale vijana ni watoto wa dhahabu yako, Kohlhuber. Wana njaa, basi. Waacheni wale, mtaona wataota nini."

Angeishia hapo, labda baadhi wangemwunga mkono. Hakuishia hapo. Alisema kuwa kamati nzima haina hata mmoja aliyewahi kuzika ndama, alisema mengine kuhusu kofia zao na kilicho chini ya kofia, na alipomaliza hapakuwa na rafiki ukumbini aliyethubutu kumtazama. Wakapiga kura. Rabenkar anyang'anywe, apewe Raimund, mkwe wa Kohlhuber. Na msimu ukifunguliwa, wale watatu watolewe kwanza.

Mikono ilipanda kama majani. Gotthard alikuwa ameshika tarumbeta kwa mikono yote miwili, kwa hiyo hakupiga kura ya ndiyo wala ya hapana.

Tulikuwa garini, tumefika kona ya kanisa.

"Tarumbeta ilikuwa nzito?" shangazi akauliza.

"Burgi, mke wangu..."

"Nauliza tu. Nisije nikakununulia nyepesi."

Usiku huo nililala kwa shangazi, na asubuhi niliamshwa na msumeno. Barabara ya kwenda Rabenkar inapita katikati ya malisho ya shangazi, na hakuna karatasi inayosema lazima ipite; babu aliwaachia wapite kwa ujirani tu. Shangazi alikuwa ameangusha msonobari mmojawapo uliobanduliwa magome, akaulaza njiani, akaufunga kwa mnyororo wa dume lake la ng'ombe na kufuli. Gotthard ndiye aliyekuwa ameshika ncha ya pili ya gogo. Nafikiri ilikuwa ndiyo kura yake.

Msimu ulipofunguliwa, Ferdl ndiye aliyetumwa kwanza, na pikapu.

"Shemeji, fungua basi."

"Barabara ni ya nani?"

"Yako."

"Na miguu ni ya nani?"

"Yangu, lakini imezeeka."

"Basi ipandishe polepole. Kuwinda sijakukataza, sina haki hiyo. Ua, kisha mbebe mgongoni mpaka hapa. Maziwa ya kukupa ninayo."

Ferdl aliangalia mteremko, akaangalia tumbo lake. "Kulungu mzima? Kwa pembe za kidole?"

"Si mnaokoa bonde?"

Alicheka, akageuza gari. Wakaja wengine, wakageuza. Nilikuwa nakaa kwenye ua wa shangazi nafanya hesabu za shule, nikiwasikia wakipiga honi. Sikujua kwamba watu wazima wanaoweza kusimama ukumbini na kuapa kwamba kundi zima litaharibika, wataacha liharibike kwa sababu ya kutembea. Nilikasirika hata kwa jambo lililokuwa linatufaa.

Kohlhuber alikuja mwenyewe siku moja. Hakupiga honi. Alisimama upande wake wa gogo, akasema, "Baba yako angekuonea haya."

Shangazi alishika mnyororo. "Baba amekufa, Kohlhuber. Kuona haya ni kazi ya walio hai. Imebaki kwako na kwangu."

Raimund ndiye aliyepanda. Ni kijana wa mjini, amekonda, anakimbia mbio za milimani Jumapili, na alitaka kumpendeza baba mkwe. Alipanda kwa miguu kabla jua halijachomoza, kwenye ukungu. Tulisikia mlio mmoja. Shangazi alikuwa na ndoo mkononi. Aliishusha chini bila kumwaga hata tone, akaenda kusimama kwenye gogo.

Ilimchukua Raimund muda mrefu kushuka. Kulungu hakumbeba, alimburuta kwa kamba, na ngozi ya ubavuni ilikuwa imekwisha kwenye mawe. Raimund alikuwa anahema, anatabasamu kidogo, uso umejaa jasho. "Mmoja wa wale watatu," akasema. "Wanatembea pamoja, hawajifichi hata kidogo."

"Hawajui kujificha," shangazi alisema. "Mimi ndiye niliyewazoesha."

Kisha tukakitazama kichwa. Ilikuwa katikati ya kiangazi, pembe bado zinaota, laini, zimevikwa ngozi yenye manyoya mafupi kama ya pichi, na ndani damu bado ina joto. Hazikuwa vijiti. Kila pembe ilikuwa imetoa tawi chini, na tawi la katikati, na juu kabisa ilikuwa inavimba, iko tayari kugawanyika tena. Baridi hii iliyopita trekta lilipanda. Walikuwa wamekula.

Raimund naye aliona. Tabasamu liliondoka polepole. "Kwenye ukungu sikuona pembe vizuri," akasema. "Niliambiwa hao watatu. Baba alisema hao watatu."

Nilitegemea shangazi atapasuka. Nilitaka apasuke, nilikuwa nangoja, ngumi zangu mwenyewe zilikuwa zimekunjwa. Badala yake alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli, akasukuma gogo pembeni, akaleta gari lake mwenyewe. "Mpakie. Usikate kichwa. Mpeleke hivyohivyo mpaka mlangoni kwa baba mkwe wako, umwambie aziguse pembe hizo kwa mkono wake kabla hazijapoa."

"Mama Burgi, mimi—"

"Nenda!"

Alienda. Vumbi lilipotulia, nikauliza, maana sijui kutouliza.

"Shangazi, wale wote wa vijiti uliowapiga wewe, miaka yote ile ya kijani..."

"Najua, Vroni."

"Nilitaka tu kujua kama nao wange—"

"Nimesema najua!"

Sauti iligonga mwamba wa Rabenkar ikarudi. Zizini ng'ombe wote walikuwa wamegeuza shingo. Shangazi aliokota ndoo, akaingia, akakamua mpaka mwisho bila neno. Gari lilirudi jioni, tupu, limeoshwa. Kohlhuber hakuleta salamu yoyote.

Wawili wamebaki huko juu, na msimu haujafungwa. Mnyororo umerudi mahali pake, na sasa kuna wa pili. Kila alfajiri, kabla ya kukamua, shangazi anabeba kigoda chake mpaka kwenye lile gogo na kukaa hapo, bila bunduki, akiitazama njia ya miguu.